Kitinda Hajakubali

Walizaliwa wawili tu, dada yake na yeye, maana baada yake mama yao aliambiwa asithubutu kubeba mimba nyingine, kwa hiyo akawa kitindamimba. Nyumbani wakamwita Kitinda, na jina likamganda hata alipovuka miaka thelathini. Alichelewa kukaa, akachelewa kusimama, na maneno yalipoanza kumtoka wenzake wa rika walikuwa wanaandika majina yao ubaoni. Shuleni alikalishwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hatimaye mwalimu akamwambia mama yake kwa upole kwamba binti yake angefurahi zaidi akiwa nyumbani. Hakuna aliyemuuliza mtoto mwenyewe.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alimkalisha chini ya meza ya kushonea na kumpa vipande vya vitambaa avipange kwa rangi. Alipochoka kupanga, Kitinda alivikunja. Alikunja vitambaa, akakunja nguo za nyumba nzima, akakunja magazeti na mifuko, mpaka dada yake akawa anatania kwamba ukikaa kitako kwa muda mrefu utakunjwa na wewe uwekwe kabatini. Utani huo ndio uliompatia kazi. Dobi wa mtaa wa pili, aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni, alisikia habari zake akaja kumwomba. Basi Kitinda akawa na mahali pa kwenda kila asubuhi: chumba kirefu chenye mashine mbili zinazotikisika kama zina homa, kamba za kuanikia uani, na meza ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu. Maneno yalimtoka polepole, kila moja kama linavuka kizingiti, lakini huko hakuna aliyemharakisha.

Mwenzake mezani alikuwa mwanamke mtu mzima, mjane, waliyemwita Mama Mvuke. Pasi yake ilitoa mvuke, na yeye mwenyewe alizungumza kwa kufoka kidogo, sssh, sssh, hasa Dobi alipochelewesha mshahara. Alimpenda Kitinda bila kumdekeza. Akikosea alimwambia amekosea, akipatia alimwambia amepatia, na Kitinda alipomkatiza kwa swali alingoja swali limalizike kutoka, hata likichukua muda wa foronya nzima.

Hofu iliingia katika nyumba ya fundi cherehani ikitokea kwa jirani. Nyumba ya pili aliishi fundi seremala, na seremala alikuwa na binti asiyesema, mwenye akili ya kitoto katika mwili wa mwanamke. Siku moja ikagundulika binti yule ana mimba. Alipoulizwa ni ya nani alilia tu. Mtaa ukavuma, kisha ukanyamaza. Mtoto alipozaliwa alichukuliwa na ndugu, na binti mwenyewe akapelekwa kwa watu wa mbali, wala hakuna aliyemtafuta mwanamume aliyefanya vile. Tangu hapo mama yake Kitinda akawa mtu wa kuchungulia. Kitinda akichelewa kidogo kurudi kutoka kazini, anamkuta amesimama mlangoni, mkono kifuani. Akioga anaulizwa kama amefunga mlango. Akicheka peke yake anaulizwa anacheka nini.

Mambo yakaharibika zaidi dada yake alipopita dukani kwa Dobi akamkuta amekaa juu ya gunia la mashuka na msukuma mkokoteni aliyeleta gunia lile, wanamegeana mkate na kucheka. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Yule msukuma mkokoteni alikuwa na jino linalomuuma, akitafuna upande mmoja, na Kitinda alimwiga. Lakini Dada alikuwa karani wa ofisi, mtu wa kupanga mambo kabla hayajatokea. Alimwita msukuma mkokoteni pembeni akamwambia maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Kuanzia hapo mtu yule akawa anatupa magunia mlangoni na kuondoka bila kuinua macho.

Jumapili moja mchana Kitinda alikuwa anatoka uani na beseni la nguo zilizokauka. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

“Siku mbili tu wodini,” Dada alikuwa anasema. “Wakishammaliza, Mama, sote tutapumua.”

“Na akiuliza?”

“Atauliza nini? Mwambie ni tumbo.”

Kitinda alisimama na beseni kiunoni. Neno kumaliza alilijua vizuri. Sabuni ikimalizwa haipo. Chai ikimalizwa kikombe kinabaki kitupu. Akaona wazi kwamba mama yake na dada yake wamekubaliana kumuua.

Mtu mwingine angekimbia au angeuliza. Yeye aliingia ndani, akaweka beseni chini, akakunja nguo zote moja baada ya nyingine, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Jioni hiyo hakula mpaka alipomwona mama yake amemeza tonge la kwanza kutoka sahani ileile. Kila gari lililosimama nje lilimpasua moyo. Mama yake alimshika paji la uso akasema ana homa, na mkono ule, alioupenda kuliko mkono wowote duniani, Kitinda akauogopa. Hilo ndilo lililomwuma zaidi, ingawa asingeweza kulieleza.

Kazini alisimama na pasi juu ya shuka mpaka moshi ukapanda. Dobi alipiga kelele kutoka kwenye mashine. Mama Mvuke alichomoa waya, akamvuta Kitinda uani kati ya mashuka yaliyoanikwa, akamwambia hatarudi ndani mpaka aseme. Ilichukua muda. Maneno yalitoka vipandevipande: wodini, tumbo, wakishammaliza. Mama Mvuke hakucheka. Alitazama chini, akatafuna mdomo, kisha akasema ana gauni la kupunguzwa kiuno.

Alilipeleka gauni kwa fundi cherehani siku hiyohiyo. Walikuwa wanawake wa umri mmoja, wajane wote wawili, na katikati ya kupimwa kiuno mama yake Kitinda, aliyekuwa ameelemewa na siri yake, alimwaga yote. Asubuhi yake Mama Mvuke alimkalisha Kitinda kwenye gunia.

“Hawataki kukuua. Nisikilize vizuri. Wanataka daktari akukate hapa,” akagusa tumbo lake mwenyewe, chini ya kitovu, “afunge njia ya mtoto. Usizae.”

Kitinda alishika tumbo lake mahali palepale.

“Itafunguliwa lini?”

“Haifunguliwi.”

Hofu ya kufa ikamtoka, na mahali pake ikaingia hofu nyingine asiyoijua jina, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na mwisho na hii haikuwa nao. Aliuliza amefanya kosa gani. Mama Mvuke akasema hakufanya kosa, kwamba mama yake naye anaogopa, na mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu. Kisha akamwambia jambo alilowahi kulisikia kwenye mikutano ya kikundi kimoja cha wazazi wenye watoto kama yeye: kwamba mtu mzima, awe mwepesi au mzito wa kuelewa, hakatwi mpaka aelezwe kwa namna anayoielewa na yeye mwenyewe akubali. Akimnyamazia daktari, watasema amekubali. Kwa hiyo aseme. Neno moja linatosha: sijakubali.

Wakalifanyia mazoezi pasi zikiwa zinapata moto. Mama Mvuke alijifanya daktari, akakaza uso, akauliza kwa sauti nzito. Dobi akapita akauliza hawa wanaigiza nini, akaambiwa afue. Kitinda alilisema neno lile mpaka likazoea kutoka. Na Mama Mvuke aliahidi kwenda naye siku ikifika.

Lakini siku haikutangazwa. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, Kitinda amevaa viatu vya kazini, mama yake akamwambia leo hawaendi kwa Dobi, wanakwenda kupimwa tumbo. Dada alikuwa ameshasimama na teksi nje. Kitinda alishika fremu ya mlango. Mama yake akamwambia, “Twende, mwanangu,” kwa sauti ya unyonge kabisa, na vidole vikaachia. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumkatalia mama yake jambo.

Hospitali aliijua kwa kitu kimoja: baba yake aliingia mle akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anazungumza, na hakutoka. Harufu ilikuwa ileile. Akaongozwa kupita ukumbi mrefu, akaingizwa kwenye chumba chenye kitanda kirefu cha chuma, akavuliwa nguo zake na kuvishwa gauni lililofungwa kwa kamba nyuma. Nesi hakuwa mtu mbaya, ila hakumwona. Alimuuliza Mama kama mgonjwa amekula. Alimuuliza Dada kama kuna dawa inayomdhuru. Alimwinua mkono, akamfunga mkanda wa kupimia presha, akasema, “Mbona inapanda hivi?” bila kumwambia mtu yeyote.

Kitinda alilitafuta neno lake. Alijua lipo, lakini kila alipolisukuma lilirudi chini. Alifungua mdomo mara kadhaa kama samaki. Kisha miguu ikalowa kitu cha moto, akaona maji yanatiririka sakafuni, na akajua ni yake.

“Unaona?” Dada alimwambia Mama kwa sauti ya chini, bila ukali, kama mtu anayeonyesha ushahidi wa jambo walilokwisha kubishania. “Huyu atalea mtoto?”

Mama alipiga magoti, akaanza kufuta sakafu kwa kanga yake mwenyewe. Mlango ukafunguliwa, akaingia daktari, mwanamke mrefu mwenye haraka, macho kwenye karatasi. Aliuliza kama mgonjwa ameelezwa.

“Hana akili ya kuelezwa, daktari,” Dada alisema. “Mama ndiye mlezi wake, ameshakubali.”

“Si,” alisema Kitinda.

Wote wakageuka.

“Sija.” Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Daktari alitazama saa ya ukutani, lakini hakuondoka. “Sijaku. Sijakubali.”

Mama yake, bado kapiga magoti, alimtazama kutoka chini kama anamwona mtu aliyeingia sasa hivi. Dada alisema anarudia tu maneno aliyofundishwa. Daktari akawaomba wote wawili watoke nje. Mlango ulipofungwa Kitinda alijibanza nyuma ya kitanda, maana sasa yuko peke yake na mtu mwenye kisu. Daktari hakuwa na kisu. Alivuta kigoda, akakaa, akamwuliza anajua ameletwa kufanywa nini.

“Kukatwa. Njia ya mtoto.” Akaongeza, “Haifunguliwi.”

“Kuna anayekulazimisha kusema hukubali?”

Akatikisa kichwa.

“Unataka kuja kuzaa siku moja?”

Hilo Mama Mvuke hakulifanyia mazoezi. Kitinda alilitafuta jibu ndani yake na hakulikuta, akaona aseme alichokikuta.

“Sijui kama nataka mtoto. Kukatwa najua sitaki.”

Pengine daktari alikuwa amekasirika kwa kupanguliwa ratiba yake, pengine alikuwa anawaza mengine. Kitinda hakujua kumsoma. Daktari aliinuka, akafungua mlango, akawaambia waliokuwa nje kwamba yeye hamgusi mtu ambaye hajakubali. Kuna njia nyingine zisizo za milele, na zote ataelezwa Kitinda mwenyewe siku atakayotaka kurudi. Dada alianza kubisha. Daktari akamwambia kuna wagonjwa wanangoja.

Ndani ya teksi, walipokaribia nyumbani, Dada, akitazama dirishani, alisema siku Kitinda akija na mimba walee wenyewe, wao na yule mpiga pasi wao. Akashuka kabla ya nyumba, na kwa muda mrefu hakukanyaga pale.

Mtu angedhani Kitinda alirudi akiwa mshindi. Alirudi na woga mkubwa kuliko aliokwenda nao. Aliwaza kwamba mtu aliyemkatalia mama yake hana tena mahali pa kulala, na kwamba watamrudisha wakati wowote, labda akiwa hana viatu. Kwa hiyo akawa anakaa na viatu miguuni. Alikula amevaa viatu, alijilaza mchana amevaa viatu, na Mama, ambaye zamani angemkemea kwa kuchafua shuka, hakusema kitu. Cherehani yake ilikuwa inaunguruma tangu asubuhi. Hakuwa na kazi nyingi kiasi hicho. Alikuwa anashona na kufumua.

Alasiri moja uzi ulimshinda kuupitisha kwenye tundu la sindano. Macho yalikuwa yamechoka. Kitinda alikuja, akauchukua uzi, akaulowesha kwa mate, akaupitisha. Mama hakuigusa sindano.

“Nikifa mimi,” alisema, “nani atasimama mlangoni kukungoja?”

Alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa sauti. Kitinda alikaa chini, karibu na miguu yake. Akasema yeye pia anaogopa hilo, kila siku.

“Yule binti wa seremala. Angekatwa,” alisema, “yule mtu angekuja tu. Angekuja kila siku. Mimba isingeonekana. Mngejuaje?”

Mama aliweka kitambaa chini. Alikuwa amefikiria aibu, na mzigo, na mtoto asiye na baba, mpaka akasahau kufikiria mwanamume. Alilia siku hiyo kwa namna iliyomtisha Kitinda, mdomo wazi bila sauti. Lakini alipomaliza alimwambia avue viatu, hatapelekwa popote, na Kitinda akavivua.

Mama Mvuke ndiye aliyewapeleka wote wawili kwenye kikundi cha wazazi. Walikutana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Katibu wao alikuwa mama wa kijana mkubwa aliyekuwa akitembea mbele na nyuma ukutani muda wote wa mkutano, na hakuna aliyemwambia akae. Mama yake Kitinda alieleza yaliyotokea, sauti ikimkatika. Hawakumsifu. Mama mmoja alisimama akasema yeye wa kwake alishafungwa kizazi na analala usingizi, na wanaojifanya kujua haki waje wamlindie binti yake anapokuwa kazini. Mwingine akamwunga mkono. Darasa likagawanyika, sauti zikapanda.

Kitinda aliinuka. Wakatulia, kwa adabu zaidi kuliko kwa hamu.

“Mtuulize,” alisema. Akatafuta kilichofuata. “Sisi tunachelewa kujibu. Mngoje.”

Akakaa upesi. Alijiona amesema kidogo mno na vibaya, na njia nzima ya kurudi alimwuliza mama yake kama watu wamemkasirikia.

Walichofanya baadaye kilikuwa kidogo pia, na kilikwenda kwa mwendo wa kobe. Katibu na wenzake walikwenda hospitali mara nyingi, wakarudishwa mara nyingi, mpaka ikakubaliwa kwamba mtu wa aina ya Kitinda akiletwa kwa upasuaji wa namna ile, kikundi kiarifiwe, na aje mtu wa kukaa naye na kumweleza kabla ya daktari kuingia. Kuhusu binti wa seremala, walimwendea baba yake na kumtaka waende pamoja polisi. Seremala aliwafungia mlango. Wakarudi tena, akafungua nusu, akasema atafikiri. Mpaka leo anafikiri.

Kitinda mwenyewe alirudi kwa yule daktari, akiwa ameshikana mkono na Mama Mvuke, akaelezwa njia zote na kuonyeshwa picha zake. Alichoamua ni siri yake. Dada alipoanza tena kuja nyumbani aliuliza, na Mama, kwa mara ya kwanza, akamwambia amuulize mwenyewe. Dada hakuuliza. Siku hizi anakuja, anakunywa chai, na wanazungumza habari za hali ya hewa. Kuhusu nani atasimama mlangoni Mama akiondoka, wamelizungumza mara moja, Dada akasema chumba cha Kitinda kitabaki cha Kitinda. Kitinda anataka kuamini. Siku nyingine anaamini.

Mtu wa kukaa na wanaoletwa hospitali, kikundi kilimchagua yeye. Alikataa, akalia, akakubali. Kila anapoitwa, akiisikia ile harufu anapunguza mwendo mpaka Mama Mvuke amguse kiwiko. Wa kwanza alikuwa msichana aliyekataa kusema chochote, na Kitinda alikaa naye hivyohivyo, wakitazamana, mpaka msichana alipotikisa kichwa kukataa, na daktari akaona.

Kwa wa pili walichelewa kuarifiwa. Walipofika alikuwa ameshatolewa chumba cha upasuaji, amelala ubavu, mwanamke wa rika la Kitinda, midomo mikavu. Ndugu zake walikuwa wamekwenda kununua chakula. Alifumbua macho, akajishika tumbo, akamwona mgeni amekaa kwenye kigoda.

“Wamenifanya nini?”

Kitinda alimtazama Mama Mvuke. Mama Mvuke, ambaye hakosi maneno, alikuwa anatazama sakafu. Ndugu wangerudi wakati wowote na wangegomba. Nesi alikuwa mlangoni anasikiliza. Angeweza kusema ni tumbo.

Akasogeza kigoda karibu, akaushika mkono ule uliokuwa juu ya bandeji, akaanza kumweleza, polepole, neno kwa neno, na alipofika kwenye neno gumu hakuliruka.